Uzio wa mbao na mvua: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila mvua zinapokaribia, na mengine huja mvua zikiwa zimeshaharibu. Yanaanzia ya msingi na kuishia kwenye hali za pekee. Kama nguzo zako zimeshaanza kuyumba, ruka moja kwa moja hadi swali la 22.

## Mambo ya msingi

1. Kwa nini uzio huoza upesi wakati mbao za ndani ya nyumba hukaa miaka na miaka?

Kinachoozesha mbao ni kuvu, na kuvu huhitaji vitu vinne: chakula, hewa, joto la kadiri na maji. Chakula ni mbao yenyewe. Hewa na joto vipo tu, huwezi kuviondoa. Kilichobaki mikononi mwako ni maji. Mbao ambayo unyevu wake uko chini ya asilimia 20 hivi ya uzito wake mkavu haiozi, hata ikae karne. Mbao za ndani huwa chini ya kiwango hicho muda wote, lakini uzio hupanda na kushuka: mvua ikinyesha unapanda, jua likiwaka unashuka.

Kwa hiyo mvua yenyewe si adui mkubwa kama inavyodhaniwa. Ubao uliosimama wima, ukaloa asubuhi na kukauka jioni, hauna neno. Hatari ni maji yanayoingia mahali na kukosa pa kutokea. Ndiyo maana hapa mambo ya nguzo na ardhi yametangulia mambo ya rangi, ingawa karibu kila mtu huanza kwa kuuliza rangi.

2. Sehemu gani huanza kuoza?

Nguzo, pale inapoingia ardhini. Kina kirefu hakina hewa ya kutosha, na sehemu ya juu hukaushwa na upepo. Hapo usawa wa udongo, na sentimita 20 au 30 kwenda chini, hewa na maji hukutana. Ukiing'oa nguzo ya zamani mara nyingi utakuta ncha ya chini bado ngumu, juu ngumu, na katikati pameliwa hadi pamebaki kiuno cha nyigu.

Baada ya nguzo huja vichwa vya mbao, yaani ncha zilizokatwa. Mbao imeundwa kwa mirija midogo sana inayokwenda kwa urefu wa mti, na ukiikata umeifungua mirija hiyo. Maji huingia kwa njia ya kichwa upesi mara nyingi zaidi kuliko ubavuni. Mwisho ni maungio: pale ubao unapogusana na mbao ya mlalo, maji hujibana katikati na jua halifiki.

3. Uzio wangu umekuwa wa kijivu. Umeoza?

La. Ukijivu ni kazi ya jua. Mionzi yake huvunja lignini, ile gundi inayoshikanisha nyuzi za mbao, kisha mvua huiosha na kuacha nyuzi za juu zikiwa zimepauka. Jambo hilo hutokea kwenye ngozi ya juu tu, na uzio wa kijivu unaweza kuwa mzima kabisa ndani. Ila ukitaka kupaka rangi, hiyo ngozi iliyokufa lazima iondolewe kwanza kwa msasa au brashi ngumu, la sivyo rangi itashika kitu ambacho chenyewe hakijashika.

4. Nitatofautishaje uozo na ukungu wa kawaida?

Chukua bisibisi bapa. Ichomeke kwenye mbao kwa pembe, kisha ibenue. Mbao nzima hukataa, na ikikubali hutoa kibanzi kirefu chenye nyuzi, kinachokatika kwa mlio. Mbao iliyooza humeza bisibisi bila ubishi, na kipande kinachobenuka hukatika kifupi, kimyakimya, kikisagika vidoleni. Uozo wa aina moja huifanya mbao iwe ya kahawia na kupasukapasuka vijitofali vya mraba. Aina nyingine huipausha na kuiacha laini, yenye nyuzinyuzi.

Ukungu na mwani ni madoa meusi au utando wa kijani juu ya mbao. Ukifuta kwa kitambaa chenye sabuni hutoka, na chini yake mbao ni ngumu. Hauli mbao, lakini ni taarifa kwamba pahali hapo hukaa na unyevu muda mrefu, na taarifa hiyo isipuuzwe.

Usipime juu tu. Fukua udongo sentimita 10 kuzunguka nguzo upime hapo. Na usidanganywe na rangi: koti zuri la rangi linaweza kufunika mbao ambayo ndani imeshakuwa unga. Gonga kwa mpini wa bisibisi usikilize. Mbao nzima hulia, iliyooza hutoa sauti bubu.

## Kuchagua mbao na misumari

5. Mbao gani huvumilia maji?

Kabla ya jina la mti, angalia sehemu ya mti. Kila mti una kiini, ambacho katika miti mingi ni cha rangi iliyokolea, na weupe unaokizunguka. Weupe wa mti wowote ule huoza upesi, hata wa mvule. Kiini cha mvule, mtiki au mninga hustahimili maji kwa miaka mingi bila dawa, mradi uwe umepewa kiini kweli. Ubao wenye mstari mweupe pembeni umechanganyika, na mstari huo ndio utakaoondoka kwanza.

Paini haina uimara wake wenyewe, lakini hunywa dawa vizuri, na paini iliyotiwa dawa sawasawa inaweza kuishi kuliko mti mgumu uliochanganyika na weupe. Mikaratusi hutofautiana mno baina ya aina na aina, na mingi hupasuka vibaya inapokauka.

Kama fedha hazitoshi, mbao bora ziende kwenye nguzo. Ubao mmoja uliooza hubadilishwa kwa dakika chache. Nguzo moja iliyooza ni kazi ya siku.

6. Nimenunua mbao zilizotiwa dawa. Bado natakiwa kufanya kitu?

Ndiyo, na hapa ndipo nyua nyingi hupotelea. Kwanza uliza dawa iliingizwaje. Iliyosukumwa kwa mgandamizo kiwandani hupenya ndani; iliyochovywa tu hubaki juujuu. Pili, angalia kama imekusudiwa kugusana na udongo au kukaa juu ya ardhi tu. Hizo ni daraja mbili tofauti, na rangi ya kijani inayofanana isikudanganye.

Tatu, kila unapokata au kutoboa unafungua sehemu ambayo dawa haikufika. Paka dawa ya mbao hapohapo, kichwa kinywe mpaka kikatae. Ncha iliyokatwa isiende ardhini kama unaweza kuiweka juu.

Mbao za zamani zenye rangi ya kijani huenda zilitiwa mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki, unaojulikana kwa herufi CCA. Marekani watengenezaji waliacha kuutumia kwenye mbao za matumizi ya nyumbani mwishoni mwa 2003, na Ulaya pia uliwekewa mipaka. Mbao hizo zisichomwe kamwe, hata vipande vidogo: aseniki hubaki kwenye majivu na kutoka na moshi. Unga wake wa msumeno usiwekwe bustanini. Ukizikata, vaa barakoa.

7. Misumari gani isiyoleta michirizi meusi?

Michirizi hiyo hutokea chuma kinapokutana na maji na tanini iliyomo kwenye mbao. Mbao zenye tanini nyingi huathirika zaidi. Tumia misumari au skrubu zilizochovywa kwenye zinki ya moto, zile zenye koti nene lisilong'aa sana. Zile zinazong'aa kama kioo zina zinki nyembamba ya juujuu, na nje hazidumu. Chuma kisichoshika kutu ndicho bora kuliko vyote, na ndicho cha kutumia karibu na bahari.

Kuna jambo jingine: dawa nyingi za siku hizi zisizo na aseniki zina shaba nyingi, na shaba hula chuma kitupu upesi. Mbao iliyotiwa dawa na msumari wa kawaida haviishi pamoja.

Skrubu ni bora kuliko msumari kwa uzio unaoloa na kukauka, kwa sababu mbao inapovimba na kusinyaa huusukuma msumari nje kidogo kidogo. Michirizi iliyokwisha kutokea huondolewa kwa asidi ya oksaliki; ni sumu, kwa hiyo vaa glavu na miwani, kisha suuza kwa maji mengi.

8. Na mianzi?

Mianzi haina kinga ya asili na imejaa wanga, chakula cha kuvu na wadudu. Isiyotiwa dawa ikizikwa ardhini kwa kawaida huisha ndani ya mwaka 1 hadi 3. Ifunge juu ya ardhi, kwenye nguzo za kitu kingine. Sehemu ya juu ikate juu kidogo tu ya kifundo. Ukikata katikati ya pingili unabaki na kikombe kinachojaa maji kila mvua.

## Nguzo na ardhi

9. Nguzo zizikwe kina gani?

Robo hadi theluthi ya urefu wote wa nguzo. Kwa uzio wa mita 1.8, sentimita 60 ni kima cha chini, na 75 ni salama zaidi kwenye upepo mwingi au udongo unaolainika ukiloa. Upande mnene chini. Wapo wanaoshikilia kwamba nguzo igeuzwe kichwa chini miguu juu ili maji yasipande, haisaidii kitu.

Kichwa cha juu cha nguzo kikatwe mshazari ili maji yateleze, au kivishwe kofia ya mbao au ya bati. Kofia iwe na ukingo unaotokeza nje kidogo, maji yadondoke badala ya kufuata nguzo.

10. Zege au kokoto?

Zege husingiziwa mengi. Lenyewe haliozeshi nguzo. Kinachoozesha ni umbo lake. Mtu humimina zege chini ya nguzo na pembeni, uso wake ukabaki chini ya udongo, na nguzo ikawa imekaa ndani ya bakuli. Mbao ikisinyaa hutokea mwanya mwembamba baina yake na zege, maji hushuka humo, yakafika chini yakakuta sakafu.

Ukitumia zege, fanya hivi. Weka sentimita 10 hadi 15 za kokoto chini ya shimo na nguzo ikae juu yake, si juu ya zege, ili chini pabaki wazi. Uso wa zege uinuke juu ya udongo na uwe na mteremko pande zote nne, ulainishwe kwa mwiko. Baada ya miezi michache, nguzo ikishakauka, ziba ule mwanya kwa lami au silikoni ya nje.

Kokoto peke yake, ikishindiliwa kwa tabaka za sentimita 15 hivi, ni nzuri kwenye udongo unaopitisha maji na hurahisisha kubadilisha nguzo baadaye. Lakini kwenye mfinyanzi mzito hugeuka kisima: maji ya pande zote hukimbilia shimo lenye kokoto na hayana pa kwenda. Hapo afadhali zege lililofanywa vizuri.

Na kama bado hujachimba, fikiria kutozika mbao kabisa. Kiatu cha chuma kilichofungwa kwenye zege, au kiguzo cha zege kinachotokeza juu ya ardhi na nguzo kufungwa kwake kwa bolti, huimaliza shida ya swali la 2 moja kwa moja. Hakikisha tu kiatu chenyewe hakituamishi maji. Kingine kina umbo la kikombe, na hicho kitobolewe matundu au kiachwe dukani.

11. Je, nipake lami au nichome ncha ya nguzo kabla ya kuzika?

Lami husaidia ikipakwa juu ya mbao kavu iliyokwisha kutiwa dawa, hasa kwenye ule ukanda hatari: sentimita 10 juu ya udongo na 30 chini yake. Usifunike ncha ya chini kabisa. Maji yatakayoingia kwa juu, na yataingia, yanahitaji mlango wa kutokea. Kupaka lami nguzo mbichi ni kufungia maji ndani.

Kuchoma ncha ni desturi ya kale sehemu nyingi za dunia. Mkaa wenyewe kweli hauozi, lakini moto huipasua mbao na mipasuko hupeleka maji ndani, huku nguzo ikipungua unene. Mbinu ya Kijapani ya yakisugi, inayotajwa sana siku hizi, ni ya mbao za kufunika kuta, si ya nguzo za kuzikwa. Kuna njia bora kuliko zote mbili: simamisha nguzo kavu ndani ya ndoo yenye dawa ya mbao usiku kucha, ncha ya chini ikinywa.

12. Mbao za wima zishuke mpaka chini kabisa?

Ziachwe sentimita 5 juu ya udongo. Ukizigusisha, vichwa vyake vinakunywa tope moja kwa moja. Kama unahofia kuku au mbwa kupita, funga chini ubao mmoja wa mlalo ambao umekubali mapema kwamba utaubadilisha, au weka kipande cha zege. Changarawe chini ya uzio hupunguza matone yanayoruka na tope.

13. Maji hutuama kando ya uzio wangu. Nifanyeje?

Hakuna rangi itakayokuokoa hapo. Chimba mfereji mfupi wa kuyatoa, geuza bomba la paa linalomwagia hapo, na ondoa udongo au majani yaliyorundikana kwenye mbao. Mara nyingi uzio ulijengwa vizuri, kisha mtu akainua tuta la maua hadi likafunika sentimita 15 za mbao.

## Rangi, mafuta na dawa

14. Nipake rangi, vanishi au mafuta?

Kwa uzio, rangi nyepesi inayozama ndani ya mbao ndiyo ninayoipendelea. Haiweki utando juu, kwa hiyo haibanduki; hupauka taratibu, na siku ya kurudia unaosha tu na kupaka tena. Chagua yenye rangi kidogo, isiwe angavu kabisa, kwa sababu chembe za rangi ndizo zinazokinga jua. Ukitaka kinga ya kuvu, soma kopo: si kila inayozama ina dawa ndani.

Rangi ya kawaida ya nje hukinga jua kuliko kitu kingine na hupendeza sana mwaka wa kwanza. Lakini ni utando. Mbao huvimba na kusinyaa, utando hupasuka kwenye maungio, maji huingia nyuma yake na jua haliwezi kuyatoa. Kuanzia hapo rangi inatunza unyevu badala ya kuuzuia. Ukiitumia, vichwa vyote vya mbao vipate praima na makoti ya ziada, na mpasuko wowote uzibwe mapema. Kazi ya kuikwangua baadaye ni ndefu, na watu wengi wanaochagua rangi hawaihesabu.

Vanishi angavu iachie milango iliyo chini ya ukumbi. Jua hupita ndani yake, huivunja mbao chini, na vanishi hubanduka kwa magamba.

Dawa ya mbao ni kitu kingine tena. Huzuia kuvu na wadudu, lakini nyingi hazizuii maji. Paka dawa, iache ikauke, kisha paka kinga ya maji juu.

15. Oili chafu ya gari je? Wengi huitumia.

Huitumia kwa sababu hupatikana kirahisi na huipa mbao weusi unaoonekana kama kinga. Haipenyi ndani sana, husombwa na mvua kidogo kidogo, na huenda na metali nzito na masalia ya mafuta yaliyoungua hadi kwenye udongo na maji ya kisima. Hushika nguo za kila anayepita. Na ukibadilisha nia mwaka kesho, hakuna rangi itakayoshika juu yake. Iache.

16. Mbao ni mpya. Nisubiri muda gani?

Usihesabu wiki, pima. Nyunyizia matone ya maji kwenye ubao uliokaa kivulini. Yakinywewa ndani ya dakika chache, mbao iko tayari. Yakikaa kama shanga, bado ina unyevu au uso wake umefungwa na randa. Pitisha msasa mwepesi upime tena baada ya siku kadhaa. Mbao zilizotiwa dawa kwa mgandamizo hutoka kiwandani zimejaa maji, na zinaweza kuhitaji wiki kadhaa hata miezi.

Kinachofaa kutosubiri ni vichwa. Vipake dawa siku ileile ya kujenga, kabla maungio hayajavificha.

17. Hali gani ya hewa inafaa kupaka?

Siku kavu iliyotanguliwa na siku 2 au 3 kavu, na saa 24 zijazo zisiwe na mvua. Joto kati ya nyuzi 10 na 30 hivi za Selsiasi linafaa bidhaa nyingi. Kopo lako lina neno la mwisho. Usipake jua linapopiga ubao moja kwa moja, maana koti hukauka juu kabla halijazama. Fuata kivuli kuzunguka uzio.

Mvua ikikukuta katikati, acha. Rangi ya maji ambayo haijakauka itachuruzika. Osha michirizi, subiri ikauke, piga msasa mwepesi, endelea.

18. Naweza kupaka upande wangu tu?

Unaweza, lakini ubao utakunywa maji upande mmoja na kuvimba upande huo, na hatimaye kupinda. Zungumza na jirani umpakie na wake. Ikishindikana, tumia ile inayozama (swali la 14), tofauti ya pande mbili itakuwa ndogo kuliko ya rangi ya utando.

19. Nirudie kila baada ya muda gani?

Rangi ya kuzama, kwa kawaida kila miaka 2 hadi 4. Upande unaopigwa na jua na mvua utaomba mapema. Jaribio la matone la swali la 16 hutumika hapa pia: maji yakianza kunywewa, muda umefika. Kingo za juu na vichwa vinaweza kupewa koti kila mwaka bila kugusa sehemu nyingine. Ni kazi ya saa moja yenye faida kuliko koti zima.

20. Nimetumia mafuta ya kitani. Kuna hatari yoyote?

Ipo, na iko kwenye matambara. Mafuta ya kitani yanapokauka hutoa joto, na tambara lililokunjwa na kutupwa kwenye ndoo linaweza kuwaka lenyewe bila kiberiti. Yatandaze nje moja moja hadi yakakamae, au yaloweke ndani ya chombo cha chuma chenye maji na kifuniko. Zaidi ya hilo, mafuta ya kitani matupu ni chakula cha ukungu, kwa hiyo mahali penye unyevu mwingi uzio unaweza kuwa mweusi. Tumia yaliyochanganywa na dawa ya ukungu.

## Usafi na matengenezo

21. Ukungu na mwani huondolewaje? Mashine ya presha inafaa?

Anza na maji, sabuni na brashi ya nyuzi ngumu, si ya waya. Vipande vya waya hubaki kwenye mbao na kushika kutu. Kwa madoa sugu, changanya sehemu 1 ya klorini ya kufulia na sehemu 3 au 4 za maji, paka, ngoja dakika 10 hadi 15, suuza vizuri. Lowesha mimea iliyo karibu kwanza, na klorini isichanganywe na siki, amonia au sabuni yoyote yenye vitu hivyo. Hutoa gesi ya sumu.

Mashine ya presha hufaa ikiwa presha ni ya chini, mdomo ni mpana na unakaa mbali. Ukiona uso wa mbao umekuwa na manyoya, umeshaharibu: umefungua nyuzi na sasa mbao itakunywa maji zaidi.

Mimea inayotambaa ipunguzwe. Hupendeza, lakini hufunika uzio usikauke, na mashina yake hupenya kwenye maungio na kuyapanua. Waya au kichanja kilichosogezwa sentimita kadhaa mbele ya uzio huwaridhisha wote wawili.

22. Nguzo imeoza chini lakini juu ni nzima. Lazima nibadilishe?

Si lazima. Ipime kwanza kama ilivyoelezwa swali la 4. Ikiwa uozo uko karibu na ardhi tu, shikiza uzio kwa mihimili ya muda pande zote mbili, chimba pembeni ya nguzo, simamisha kiguzo cha zege au cha chuma kwenye zege jipya, kisha kifunge kwenye sehemu nzima ya nguzo kwa bolti 2 au zaidi zinazopita kati kwa kati. Pima kwa timazi kabla ya kukaza. Ukishaimarika, kata na uondoe sehemu iliyooza, na upake dawa kichwa kipya kilichobaki kikining'inia.

Nguzo iliyolegea lakini ngumu, tatizo ni shimo, si mbao. Shindilia upya au rekebisha zege. Nguzo inayosagika hadi magotini, ibadilishe. Kujaza uozo kwa puti au gundi ngumu hufaa kwenye fremu ya dirisha; kwenye nguzo inayobeba upepo ni kujificha tu.

23. Geti hukwama wakati wa mvua na kiangazi hufunguka vizuri.

Mbao huvimba kwa upana, karibu haiongezeki kwa urefu. Geti lenye mbao nyingi za wima hujumlisha uvimbe wa kila ubao. Usilipige randa likiwa limevimba. Kiangazi utabaki na mwanya mkubwa. Subiri likauke, punguza kidogo ubaki na nafasi ya sentimita 1 hivi upande wa komeo, kisha paka ukingo uliokatwa. Kama geti pia limeinama, angalia bawaba na mbao ya mshazari: inatakiwa ianzie chini upande wa bawaba na kupanda kuelekea komeo.

## Hali za pekee

24. Dawa ya mvua huzuia na mchwa?

Kinga ya maji peke yake haizuii. Mchwa wa ardhini hupenda mbao yenye unyevu, hivyo kukausha uzio hupunguza mvuto, lakini nguzo inahitaji dawa iliyotajwa waziwazi kuwa ya wadudu. Angalia vijia vya udongo vinavyopanda nguzoni. Viguzo vya zege (swali la 10) haviwazuii, lakini huwalazimisha kujenga njia zao mahali unapoziona. Dawa ya boroni hufanya kazi vizuri kwa kuvu na wadudu, ila huyeyuka na kuoshwa na mvua. Hufaa ikiwekwa vijiti ndani ya matundu yaliyozibwa, si kupakwa nje bila koti la juu.

25. Uzio uko karibu na bahari.

Chumvi haiozeshi mbao, hushambulia chuma. Weka skrubu na bawaba za chuma kisichoshika kutu tangu mwanzo, na suuza uzio kwa maji baridi ya bomba kabla ya kupaka, maana chumvi iliyobaki huvuta unyevu na koti halishiki.

26. Uzio ulizama kwenye mafuriko kwa siku kadhaa. Ndiyo basi?

Siku chache ndani ya maji si kitu kwa mbao. Iliyozama kabisa haiozi kwa sababu haina hewa. Kinachofuata ndicho cha kuangalia. Osha matope kabla hayajakauka, hasa kwenye maungio, na kama maji yalikuwa machafu vaa glavu. Ng'oa ubao mmoja mmoja mahali palipobana ili upepo upite. Usipake chochote mpaka jaribio la matone likubali, hata kama ni miezi 2. Nguzo zijaribu kwa kuzisukuma baada ya ardhi kukauka, si kabla, kwa sababu udongo uliolowa utaifanya hata nguzo nzima iyumbe na utaichimbua bure.